Foleni Ipi Huenda Upesi?

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, kabla ya chakula cha mchana.)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya kijana na utumishi wa umma. Nilianza kuiandika hotuba hiyo, nikasinzia mwenyewe kabla ya ukurasa wa pili. Kwa ruhusa yako, Ndugu Mwenyekiti, nitazungumza juu ya foleni.

Mnalikumbuka bwalo letu. Madirisha mawili, ugali na maharage, na njaa ya vijana mia kadhaa. Mgeni wa kidato cha kwanza alitazama foleni iliyo fupi akakimbilia huko. Wa kidato cha nne alitazama kwanza nani ameshika upawa. Mpishi mmoja alikuwa mwepesi wa mkono. Mwenziwe alikuwa na hadithi kwa kila sahani. Mimi nilidhani nimehitimu vizuri katika elimu hiyo, hata mwaka 2014 nilipopelekwa California kwa kozi fupi ya uongozi.

Jumamosi moja tulikwenda Disneyland, uwanja wa starehe uliofunguliwa mwaka 1955 katika mji wa Anaheim. Tulikuwa wanne, wote watumishi wa serikali, kila mmoja wa nchi yake. Humo upo mlima wa kutengenezwa uitwao Matterhorn, ulioigwa kutoka mlima halisi wa Uswisi kwa kipimo cha moja kwa mia, kwa hiyo kimo chake ni kama mita 45. Ulifunguliwa mwaka 1959. Ndani yake zimo njia mbili za reli. Vigari hupanda gizani, kisha huporomoka vikiuzunguka mlima mpaka vinatumbukia majini na kupunguza mwendo. Njia mbili, na foleni mbili: moja kushoto, moja kulia.

Tukawekeana sharti kwamba atakayetoka wa mwisho atanunua chakula. Wawili walikwenda kushoto. Mimi nikaenda kulia, kwa kuwa foleni ya kulia ilikuwa fupi, nami sikuona mpishi wa kumtazama. Nikatoa saa. Vigari viwili vilivyoungwa pamoja huchukua watu sita, na niliviona vikitumbukia majini mara mbili kwa dakika. Hao ni watu 12. Mbele yangu nilikadiria vichwa 240. Basi, dakika 20. Vijana wa hisabati mtapenda kujua kwamba hesabu hiyo ina mwenyewe: ni John Little, Mmarekani, aliyeithibitisha mwaka 1961. Kwa wastani, idadi ya watu waliomo katika foleni ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa dakika, ukizidisha kwa dakika ambazo kila mmoja husubiri.

Dakika ya 15 nilikuwa tayari nimeanza kuchagua chakula ambacho wenzangu wangeninunulia. Hapo mtoto mmoja aliyekuwa mbele kabisa akakataa kuketi. Mama yake alimbembeleza, baba yake alimbembeleza, na mhudumu akambembeleza pia. Vigari vikasimama. Kule kushoto niliwaona wenzangu wakinipungia mikono kwa furaha isiyo ya kidiplomasia hata kidogo.

Yule wa nne, ndugu yetu kutoka Ghana, alikuwa ameshatoka zamani. Yeye aliona kibao cha foleni ya watu wapweke. Kila kigari kilikuwa na viti vitatu. Mke na mume wakiketi, kiti kimoja hubaki wazi, na mhudumu hukijaza kwa mtu aliye peke yake. Aliteremka mlima katikati ya watu asiowajua, akawahi. Gharama yake ni hiyo tu, kupiga makelele ya hofu karibu na mgeni.

Chakula kilinigharimu posho ya siku mbili, na katika kukilipia nilijifunza jambo. Tuseme mbele yako zipo foleni tatu, na hujui lolote la kuzitofautisha. Nafasi ya kwamba umeingia katika ile ya upesi kuliko zote ni moja katika tatu. Maana yake, siku mbili kati ya kila tatu utaona foleni nyingine ikikupita. Huna mkosi. Tena macho yetu yana upendeleo: wanaotupita tunawahesabu mmoja mmoja, wale tunaowapita sisi hatuwaoni kabisa. Kuchagua kwa akili husaidia kidogo, kama vile kuhesabu vichwa badala ya kupima urefu, na kumtazama anayehudumia. Lakini mtoto wa kukataa kuketi hana alama usoni.

Nilirudi nyumbani. Ofisi niliyokuwa nikiisimamia ilikuwa na madirisha matatu na foleni tatu. Mzee mmoja alikuwa amefika kwa basi tangu alfajiri, akasimama foleni ya kati. Karani wa dirisha hilo akaitwa kutafuta jalada, akakaa huko karibu saa nzima. Foleni za pembeni zilikwenda. Watu waliomkuta mzee pale walihudumiwa wakaondoka. Zamu yake ilipokaribia, saa za kazi zikaisha. Nilipita nikamwamkia. Aliitikia, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nilikosea wapi? Nilisimama vibaya?"

Ndugu Mwenyekiti, pale Anaheim kuchagua vibaya kulinigharimu chakula. Mzee yule kulimgharimu nauli ya kwenda na kurudi, na siku nyingine ya shamba. Na mimi ndiye niliyempangia bahati nasibu ile bila kujua. Nilimwambia hakukosea. Nilimhudumia mwenyewe jioni ile, jambo ambalo halikunipunguzia aibu.

Juma lililofuata tuliweka foleni moja tu kwa madirisha yote matatu. Aliye mbele huenda dirisha lolote lililo wazi. Siku ya kwanza watu walilalamika, kwa maana foleni moja huonekana ndefu kama treni. Lakini treni hiyo hutembea. Karani akichelewa, ucheleweshaji wake hugawanywa kwa wote, haumwangukii mtu mmoja aliyesimama nyuma yake. Na aliyetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu. Kampuni ya Disney ilianzisha mwaka 1999 utaratibu ulioitwa FASTPASS: mgeni alichukua tiketi bure, akarudi saa iliyoandikwa, akapita njia fupi. Mwaka 2021 uliondolewa, ukaja utaratibu ambao njia hiyo fupi hulipiwa. Sina ugomvi nao, ni biashara. Lakini tazameni vigari. Viti havikuongezeka hata kimoja. Dakika anazookoa wa njia fupi zinatoka kwa yule aliyesimama juani.

Ofisini kwangu njia hiyo ilikuwapo pia, nayo ilikuwa mlango wa nyuma. Haukuwa wa fedha. Ulikuwa wa simu: "Bwana mkubwa, ni mimi, tulilala bweni moja." Nami niliufungua, mara nyingi, nikiuita udugu. Baada ya siku ya yule mzee nikawa najiuliza kila ninaposhika kitasa, nani ameongezewa dakika hizi? Nikaufunga.

Haikuwa rahisi, na sitawadanganya vijana kwamba nilipongezwa. Mwenzangu mmoja wa darasa, ambaye kidato cha pili alinigawia shuka lake nilipougua malaria, alikuja na haja ya kweli na ya haraka. Nilimpa kiti, nikampa chai, kisha nikampa namba kama watu wengine. Alisubiri saa mbili na nusu. Alihudumiwa vizuri, akaondoka bila kuniaga, na kwa miaka mitatu hakujibu salamu zangu. Bado siku nyingine usiku naifikiria ile shuka. Sina hakika kwamba nilimweleza kwa maneno yaliyofaa; nadhani nilijificha nyuma ya kanuni, ningeweza kutoka nikaketi naye kwenye benchi. Yumo humu ukumbini leo, na asubuhi hii ameniamkia yeye kwanza. Sitamtaja.

Mwalimu Mkuu ananiangalia, nami natambua maana yake. Naarifiwa kwamba chakula kitagawiwa katika madirisha yale yale mawili, na kwamba wazee wageni wamewekewa meza ya kuhudumiwa mbele. Naomba meza hiyo waachiwe wale ambao miguu yao inawauma kweli. Mimi nitasimama dirisha la kulia, sahani mkononi. Kwa historia yangu, mwenye njaa aende la kushoto.