Mguu Uliovimba Mbele ya Ekografi: Kuchunguza Uvimbe wa Limfu Lubumbashi

Mgonjwa anapopanda kitanda cha uchunguzi akiwa na mguu mmoja mnene kuliko wa pili, mara nyingi jina la ugonjwa limekwisha kutolewa nyumbani: ni matende, au amekanyaga dawa. Lakini uvimbe huo una njia nyingi za kuja. Kuna minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu, na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo. Kuna donge la damu ndani ya vena, saratani ya Kaposi, moyo au figo zilizochoka, hata kovu la upasuaji wa kinena.

Mada hii inawalenga madaktari na wapiga picha wa Lubumbashi, wa Hospitali ya Sendwe, wa kliniki za Chuo Kikuu na wa vituo vidogo vya mitaani. Hoja yake ni kwamba ekografi, ambayo Watanzania huiita ultrasaundi, inaweza kujibu maswali mengi ya mguu huo, mradi mpimaji ajue anauliza nini.

Aanze na vena. Anapaka jeli kinenani, anaweka kichwa cha mashine, anabonyeza. Vena nzima inabonyea na kupotea kwenye kioo. Yenye donge inakataa. Jambo hili halingoji kesho, kwa maana donge likichomoka hukimbilia mapafuni.

Kisha ngozi. Hapa mkono uwe mwepesi na jeli iwe nyingi, kwani ukikandamiza, maji yanahama na kipimo kinaharibika. Ngozi iliyokuwa ukanda mwembamba inaonekana imenenepa, mpaka wake na mafuta umefifia, na chini yake vijito vyeusi vinazunguka vipande vya mafuta kama nyufa za tope lililokauka kiangazi. Picha hiyo inashawishi, na ndipo makosa yanapoanzia: mguu wa mgonjwa wa moyo nao una vijito vilevile. Kwa hiyo mkono wa daktari bado una kazi. Ajaribu kufinya ngozi iliyo juu ya shina la kidole cha pili cha mguu. Ikigoma kukunjika, limfu ishukiwe sana. Hiyo ndiyo alama ya Stemmer.

Mwaka 1994, watafiti wa Recife, Brazil, walieleza jinsi ekografi ilivyowaonyesha minyoo hai ya filaria ikifurukuta ndani ya mishipa ya limfu ya korodani. Mwanamume mwenye mguu wa namna hii apimwe huko pia. Asipoonekana mnyoo, filaria haijafutwa: katika matende ya miaka mingi, mara nyingi minyoo imekwisha kufa.

Picha inayofuata njia yenyewe ya limfu ni sintigrafia. Teknesiamu, dawa yenye mionzi, inadungwa kati ya vidole vya mguu, na kamera ya gama inaitazama ikipanda hadi kinenani, au ikikwama na kusambaa ngozini. Mionzi ya dawa hiyo hupungua nusu kila baada ya saa 6, hivyo haiwekwi kabatini.

Kwa leo, pasipo kamera hiyo, kalamu inatosha kuanzia. Alama inachorwa sentimita 10 juu ya kifundo, miguu yote miwili. Unene wa ngozi na saa ya kupima vinaandikwa kwenye karatasi anayokwenda nayo mgonjwa. Baada ya wiki kadhaa za kuosha mguu kwa sabuni, kukausha kati ya vidole na kufunga bandeji, anarudi saa ileile, na kichwa cha mashine kinawekwa palepale.