KAZI YA KUJITOLEA NA OMBI LA KUSOMEA UDAKTARI

(Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa nizungumze na wale wa Kidato cha Tano na cha Sita wanaotaka kuwa madaktari. Wanauliza: kazi tuliyowafanyia watu bila malipo tuielezeje tunapoomba chuo? Swali hili si geni. Sisi tuliomaliza mwaka 1974 tulilazimika kulijibu, tupende tusipende.

Mwezi Novemba mwaka huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Iliamua kwamba kijana amalizaye Kidato cha Sita asipande moja kwa moja Chuo Kikuu. Afanye kazi kwanza, kisha aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, mimi niliajiriwa karani wa ghala la dawa upande wa Mufindi. Nilihesabu vidonge vya klorokwini, nikajaza madaftari, na siku nyingine nikafuatana na Bwana Afya kukagua vyoo vilivyochimbwa wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ndiyo niliyoyaandika nilipoomba nafasi Muhimbili. Sikuwa na mengine.

Utaratibu ule ulikuwa na kasoro yake. Maisha ya kijana yaliwekwa mikononi mwa mtu mwenye kalamu na muhuri, na kalamu ya namna hiyo huweza kuandika kwa upendeleo au kwa chuki. Ulilegezwa hatua kwa hatua, hatimaye ukaachwa. Lakini ulituachia swali jema: ni nani anayeweza kusimama akasema kweli ulifanya kazi hiyo?

Sasa tuje kwenu. Kwanza, msidanganyike. Vyuo vya hapa nchini huchagua wanafunzi wa udaktari kwa kutazama ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hakuna cheti cha kujitolea kitakachofidia Kemia. Barua ya maelezo itawafaa zaidi mkiomba ufadhili, au mkiomba vyuo vya nje. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi vya udaktari vya Marekani humpa mwombaji nafasi ya shughuli 15 tu, na kila moja huelezwa kwa herufi 700, nafasi zikihesabiwa. Hapo hapatoshi maneno ya kujisifu. Panatosha ukweli.

Basi andikeni mambo manne: mahali, muda, kazi uliyoifanya kwa mikono yako, na ulichojifunza. Anayeandika "Nimeitumikia jamii ya Mkoa wa Mbeya kwa moyo wa kizalendo" hajasema kitu. Anayeandika "Kila Jumanne kwa miezi mitano niliandika uzito wa watoto katika zahanati ya kijiji chetu, nikaona kwamba akina mama waliotoka mbali walikosa kuja wakati wa mavuno" amesema mengi. Huyu wa pili ameona kwamba ugonjwa wa mtoto una uhusiano na shamba na barabara. Hilo daktari hulihitaji kila siku.

Pili, msijipe kazi ya wakubwa. Nimepata kusoma barua ya kijana aliyejisifu kwamba alichoma watu sindano akiwa Kidato cha Tano. Alidhani anajipamba. Msomaji wa barua ile huuliza mara moja: nani alimruhusu, na yule mgonjwa alijua? Kufagia wodi, kuchota maji na kupanga kadi si aibu. Aibu ni kumfanya maskini chombo cha kujifunzia.

Tatu, na hili naliomba kwa uzito, tunzeni siri za wagonjwa. Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini iliumizwa sana na UKIMWI, na wengi wenu mmekwenda na wahudumu kuwatembelea wagonjwa majumbani. Usitaje jina. Usitie picha. Ukiandika "mjane mwenye duka karibu na mashine ya kusaga", kijiji kizima kimeshamjua. Ikiwa barua yako haiwezi kupendeza bila kumfichua mtu huyo, basi heri isipendeze. Hapo ndipo udaktari wako unapoanza, kabla hujavaa koti jeupe.

Nne, wako vijana hapa wasio na cheti cha chama chochote. Likizo zao zilikwisha wakimwogesha bibi aliyepooza, au wakilima ili wadogo zao wale. Wananiambia, "Babu, mimi sina kazi ya kujitolea." Unayo. Iandike kama ilivyo, bila kuomba huruma, na mwombe mwalimu au mwenyekiti wa kijiji anayeijua aithibitishe. Anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku asipate vidonda amekwisha jifunza jambo ambalo wengine watafundishwa chuoni.

Wazee wenzangu, nasi tuna sehemu yetu. Vijana hawa watatuomba barua. Tusiweke sahihi juu ya kazi tusiyoiona, hata kama baba wa kijana tulikaa naye dawati moja. Sahihi moja ya uongo humnyima nafasi kijana mwingine tusiyemjua, pengine wa Kyela au wa Makete, asiye na mzee wa kumsemea. Badala yake, wenye zahanati, maduka ya dawa na hospitali, kuanzia Iringa mpaka Tunduma, tuwafungulie milango wakati wa likizo, wafanye kazi ya kweli tupate la kuandika.

Chakula kikiisha nitakuwa maktaba. Mwenye barua aje nayo, na aje na kalamu nyekundu.