Twende Goma, tujaze viti

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Bukavu, mbele ya safari ya kwenda kwenye tamasha la filamu la Goma



 Wengine mumetoka mbali, Bagira na Panzi, kwa miguu. Hatutawachelewesha.

Tunawauliza kwanza: nani hapa amekwisha kuangalia filamu "Pièces d'identités"? Inueni mikono. Munaona wenyewe.

Filamu ile ni ya Mwezé Ngangura. Alizaliwa hapa hapa Bukavu, mwaka 1950. Mwaka 1999 filamu yake ilipata Étalon de Yennenga, zawadi kubwa kuliko zote za FESPACO, kule Ouagadougou, ambako sinema ya Afrika nzima inakutana. Wakati ule wengi wetu tulikuwa mgongoni mwa mama, wengine bado hata kuzaliwa. Tangu hapo tumekuwa watu wazima, tumepata diplome, tunajua majina ya wachezaji wote wa Real Madrid mpaka wale wa kwenye benchi. Filamu ya mtoto wa mji wetu, hapana.

Tuendelee. Mwaka 2017 Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alitoa "Maman Colonelle". Inaanza hapa kwetu. Inamufuata Koloneli Honorine Munyole, polisi aliyekuwa analinda wanawake na watoto Bukavu, mpaka anahamishwa Kisangani. Mwaka ule filamu ilionyeshwa Berlin. Watu wa Berlin walimuona yule mama akifanya kazi katika mji wetu, mbele sisi tumuone.

Mwaka 2020 Hamadi huyo huyo alitoa "En route pour le milliard". Munajua vita ya siku sita ya Kisangani, Juni 2000, wakati jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mji wa watu. Katika filamu, watu waliokatika miguu na mikono katika vita ile wanapanda bwato, wanashuka mto mpaka Kinshasa, kudai malipo yao mbele ya wakubwa. Cannes iliichagua filamu hiyo, hata kama mwaka ule Covid ilizuia tamasha lenyewe kufanyika kama kawaida.

Hatusemi hivi kwa kuwalaumu wanaoenda Ulaya. Mwenye kutengeneza filamu anaenda pale penye ekrani na pale penye watu wa kuangalia. Kinshasa sale nyingi za sinema zilifungwa, zingine zikageuka makanisa. Kwa hiyo swali si kwa nini wanaenda mbali. Swali ni hili: hapa karibu, tunawapa nini?

Goma kuna tamasha. Lilianza kwa jina la Salaam Kivu, likatoka kwa Yole!Africa, kituo cha utamaduni alichoanzisha mtengenezaji wa filamu Petna Ndaliko Katondolo. Si Cannes. Ni ng'ambo ya ziwa letu. Unapanda boti, unapita Idjwi, unafika Goma. Kama tunashindwa kufika pale, tusiseme tena kwamba tunapenda sinema ya Kongo.

Tunajua mutasema nini. Wa kwanza anasema: mimi ni shomeri, sina hata ya kununua mega, nitalipa boti na nini? Ni kweli, na sisi ni hivyo hivyo. Lakini mama zetu hawakungojea mshahara ili wafanye likelemba. Tujipange kumi kumi. Kila mutu franka elfu moja kwa juma. Hatutaenda wote. Kila kikundi kitume mutu moja ao wawili, kisha warudi watuambie walichoona. Mwaka mwingine wataenda wengine.

Wa pili anasema: watu wanakimbia vita, ninyi munaongea filamu? Ndiyo, juu ya hiyo. Tangu ukoloni, Wabelgiji na mapadri walitupiga picha vile walitaka wao. Leo vilevile, mgeni anafika, anapiga picha ya hema, ya mama analia, ya mtoto na bunduki, kisha anaenda. Jina la yule mama hatulijui. Kijana wa hapa akichukua kamera, anajua huyo mama anaitwa nani, anauza nini, na nini inamuchekesha. Huyo kijana akitoa filamu moja na sale ikabaki bure, hatatoa ya pili. Ataenda kupiga video za harusi, na hatutakuwa na haki ya kumulaumu.

Sasa, kuunga mkono maana yake nini? Kupiga "like" haitoshi. Tunaomba mambo ine.

Moja: tufike kwa saa, tukae. Kama kiingilio kinalipwa, tulipe, tusitafute ndugu wa kutupitisha mlangoni. Sale yenye kujaa ndiyo waandaaji wanaonyesha wanapotafuta feza za mwaka unaofuata.

Mbili: filamu ikiisha, tusitoke. Mazungumzo ya nyuma ya filamu ni ya sisi. Kama haikukupendeza, sema, na useme juu ya nini. Mutu wa kamera hahitaji pole. Anahitaji kujua ni wapi ulichoka na ni wapi ulikaza macho.

Tatu: telefone ibaki mfukoni. Ukirekodi ekrani, kesho filamu iko kwenye kadi memori za mji muzima, na mwenye kuikosea usingizi hapati kitu.

Ine, na hii ndiyo tunaishikilia sana: tusirudi mikono mitupu. Wale watakaoenda wazungumze na watengenezaji, waombe ruhusa, tuonyeshe filamu zao hapa Bukavu. Mashini ya kuonyeshea tunaweza kukodi, shuka nyeupe tunayo. Na watakaoingia walipe kidogo, feza hiyo iende kwa mwenye filamu. Ikiwa kidogo, iende hivyo hivyo. Ajue kwamba imetoka Bukavu.

Wandugu, sisi ndio wale wanaosema kila siku kwamba watu wengine wasituamulie. Basi na kuonekana kwetu tusiwaachie. Orodha iko mezani. Andika jina lako na mtaa wako mbele ya kutoka.

Filamu ni zetu. Viti pia viwe vyetu.