Nani Arithi Mfumo Endeshi Mdogo?

Kiti kikishafika nyumbani, seremala aliyekitengeneza anaweza kufunga karakana na kuhama mji, nacho kikaendelea kukaliwa. Mfumo endeshi, programu ile ya msingi inayobeba programu nyingine zote, hauko hivyo. Siku mtengenezaji anapouacha, unaanza kuchakaa: kadi mpya ya mtandao haitambuliwi, na upenyo wa wadukuzi ukigunduliwa hakuna wa kuuziba. Kwa hiyo anayeununua analipia ahadi ya miaka ijayo. Nashikilia kwamba kampuni ndogo haiwezi kuitimiza ahadi hiyo peke yake, na kwamba mifumo midogo inayojitokeza kando ya Windows na macOS inapaswa kuwa huria, chanzo chake kikiwa wazi tangu mwanzo.

Ushahidi wangu ni mfumo endeshi wa BeOS. Kampuni ya Be ilianzishwa mwaka 1990 na Jean-Louis Gassée, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Apple, na kazi yake ilikuwa nzuri kwelikweli. Kila barua pepe ilihifadhiwa kama faili lake lenyewe, likiwa limebandikwa jina la mtumaji na mada, hata mtumiaji akaweza kuzisaka barua zake kwenye diski kama mtu anayepekua hifadhidata. Ubora huo haukuiokoa. Mwishoni mwa 1996 Apple, iliyokuwa ikitafuta mfumo mpya, iliamua kuinunua kampuni ya NeXT badala ya Be. Mwaka 2001 mali ya Be ikauzwa kwa kampuni ya Palm kwa hisa za takriban dola milioni 11. Be iliishtaki Microsoft kwa kuwabana watengenezaji wa kompyuta wasiuze mashine zenye BeOS, na mwaka 2003 shauri likamalizwa kwa malipo ya zaidi ya dola milioni 23, bila Microsoft kukiri kosa. Msimbo wa kiini cha mfumo, hata hivyo, ulibaki umefungiwa.

Marehemu huyo aliacha warithi wawili, na hapo ndipo hoja inapopimika. Wa kwanza ni Zeta, uliouzwa kutoka Ujerumani. Mwaka 2007 uuzaji wake ulisitishwa, baada ya kampuni iliyomiliki haki za BeOS kutamka kwamba haukuwa na leseni. Wa pili ni Haiku, ulioanzishwa na watu wa kujitolea mwaka 2001, nao ungali hai. Nitajibiwa kwamba Haiku ulitoa toleo lake la kwanza la beta mwaka 2018, miaka 17 baadaye, na mwenye kazi ya kufanya hawezi kusubiri hivyo. Pingamizi hilo ni zito, lakini tuangalie miaka hiyo ilikwenda wapi. Sehemu kubwa ilitumika kuandika upya, kipande kwa kipande, mambo ambayo Be ilikwisha kuyaandika. Hiyo ni gharama ya chanzo kilichofungwa, na si haki kuutwika uhuria mzigo huo. Uhuria, kinyume chake, ulipunguza kazi: viendeshi vingi vya kadi za mtandao katika Haiku, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuzitumia kadi hizo, vimetoka FreeBSD, mfumo mwingine huria, vikipitia tabaka dogo la programu linalokifanya kiendeshi kidhani bado kiko kwao. Leseni zinaruhusu, hakuna wa kuombwa.

Wapo watakaonitajia QNX, mfumo wa kibiashara uliomo ndani ya magari mengi. Ni kweli, lakini wateja wake ni viwanda vyenye wanasheria na mikataba ya miaka mingi; mtu aliyelipia nakala moja ya Zeta hakuwa na kinga hiyo. Suala la riziki ya watengenezaji linanigusa zaidi, kwa sababu kujitolea hakulipi kodi ya nyumba, na mradi unaotegemea saa za usiku za watu waliochoka hauwezi kwenda mbio. Lakini kufungua chanzo si kukataa fedha. Haiku una shirika lisilo la faida linalopokea michango, na tangu 2021 michango hiyo imemlipa mtengenezaji mmoja afanye kazi hiyo kwa muda wote. Ni mmoja tu, na wanahitajika wengine; lakini akiondoka kesho, atakayeshika nafasi yake ataukuta msimbo wote mezani.