Nani Aone Jedwali Lipi?



Tumeombwa kuzungumzia ulinzi wa takwimu, nasi tunaanza na mgonjwa kabla ya kompyuta. Mama wa Mtowisa anayepanda kutoka bondeni hadi Sumbawanga kuchukua dawa za kufubaza VVU, akisikia kuwa jirani amesoma jina lake, huenda asirudi tena. Siri ikivuja, dawa nazo huachwa.

Rejista ya karatasi tunaifungia kabatini. Je, jedwali lililo kwenye kompyuta tulifungeje? Mfano mzuri ni DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambao Wizara yetu ya Afya inautumia kwa takwimu za MTUHA. Humo ruhusa hufuata metadata, yaani maelezo yanayoitambulisha takwimu: ni ya kituo gani, wilaya gani, fomu gani. Mtumiaji naye hupangiwa eneo na kundi lake. Aliyepangiwa Nkasi huona ya Nkasi. Ya Kalambo hayaoni. Tena kuiona fomu ni ruhusa moja, na kusoma yaliyojazwa ni nyingine. Takwimu nyingi za MTUHA ni hesabu za jumla, lakini utaratibu huu unahitajika zaidi pale penye majina ya watu.

Faida yake tuione kwa mfano wa hapa kwetu. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa. Kama ruhusa zimeandikwa jedwali kwa jedwali, mabadiliko ya namna hiyo yanadai kupekua kila moja, na likisahaulika moja, mlango umebaki wazi. Ruhusa zikifuata eneo, tunahamisha kituo kwenye mkoa wake mpya mara moja, na majedwali yake yote yanafuata.

Hata hivyo, ndugu zetu, ulinzi huu unaishia ndani ya mfumo. Jedwali likinakiliwa kwenye flashi, ruhusa zake hubaki nyuma. Na nywila moja ikitumiwa na watu watano, mfumo unawaona kuwa mtu mmoja.

Sheria nayo inatubana. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Basi tukubaliane mambo matatu. Kila mtu awe na nywila yake. Anayehamishwa kituo aondolewe ruhusa siku hiyohiyo. Na majina yasitolewe nje ya mfumo pale ambapo hesabu ya jumla inatosha.

Aliyetukabidhi siri yake ametuamini. Tusimwangushe.