Vijana Waliosimama Njiani

Dominika ya 15 ya Mwaka C (Lk 10:25-37)



Injili ya leo tumeizoea mno, na hiyo ndiyo hatari yake. Mwanasheria wa Kiyahudi anamwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani. Bwana hampi orodha ya majina, bali anamsimulia habari za njia, za mtu aliyepigwa, za kuhani na Mlawi waliopita kando, na za Msamaria, mtu asiyetazamiwa, ambaye ndiye aliyesimama. Ili tuisikie upya, napenda kuwasimulia habari za njia nyingine, ambako wasiotazamiwa walikuwa vijana wa Kiyahudi.

Huko Marekani shule hufungwa kwa muda mrefu katika miezi ya joto, yaani kuanzia Juni hadi Agosti. Katika masinagogi mengi ipo desturi ya kuwatuma vijana wao, kwa makundi, wakatengeneze nyumba za maskini, wakawapikie wasio na makazi, wakawasaidie watoto kusoma. Desturi hii ina mizizi. Mvulana wa Kiyahudi atimizapo miaka 13 huhesabiwa kuwa amefikia umri wa kuzibeba mwenyewe amri za Mungu. Na mahali pengi, anapojiandaa kwa siku hiyo, hudaiwa pia kazi fulani ya kuwahudumia wengine. Tena, neno la Kiebrania walitumialo kwa kumpa maskini ni tsedaka, ndugu wa neno letu sadaka, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Shina la neno hilo la Kiebrania ni haki. Torati ilimkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake, kwani pembe hizo aliachiwa maskini na mgeni. Basi ampaye maskini hamfanyii hisani, anamlipa deni.

Je, malezi ya namna hiyo humfikisha kijana wapi? Tutazame mwaka 1964. Katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, watu weusi walizuiwa kwa vitisho na hila wasijiandikishe kupiga kura; waliofaulu walikuwa kama 7 tu katika kila 100. Likizo ya mwaka ule vijana wapatao elfu moja, wengi wao wanafunzi wa vyuo kutoka kaskazini, walijitolea kwenda kuwasaidia weusi kujiandikisha na kuwafundisha watoto wao. Miongoni mwa vijana weupe waliokwenda, Wayahudi walikuwa wengi kuliko idadi yao katika taifa lile.

Mmoja wao alikuwa Andrew Goodman wa New York, mwenye umri wa miaka 20. Aliingia Mississippi tarehe 20 Juni. Kesho yake, siku ya Dominika, alifuatana na Michael Schwerner, Myahudi mwenzake wa miaka 24, na James Chaney, kijana mweusi wa huko huko, wa miaka 21, aliyepata kusoma katika shule ya Wakatoliki. Walikwenda kuwaona Wametodisti weusi ambao kanisa lao lilikuwa limechomwa moto siku chache kabla, kwa sababu walikubali darasa lifunguliwe ndani yake. Hebu tafakarini: vijana wawili wa Kiyahudi wanasafiri kwenda kuwafariji Wakristo waliochomewa kanisa, na waliolichoma walijiita Wakristo!

Walipokuwa wakirudi walikamatwa, wakafungwa, na usiku wakaachiliwa ili wapate kuviziwa njiani. Wote watatu waliuawa kwa risasi. Miili yao ilipatikana tarehe 4 Agosti, imefukiwa ndani ya boma la udongo la bwawa. Katika njia ya Yeriko waliopiga walikuwa wanyang'anyi. Katika njia ile baadhi yao walikuwa walinzi wa sheria. Na mtu aliyehukumiwa kwa kupanga mauaji hayo, miaka 41 baadaye, mwaka 2005, alikuwa mhubiri.

Ndugu zangu, hapo mimi padre nainamisha kichwa. Katika mfano wa Bwana Yesu, wa kwanza kupita kando ni kuhani. Nami nimewahi kupita kando.

Miaka iliyopita, mwanzoni mwa likizo ya Juni, vijana saba wa parokia yangu walinijia. Walikuwa wameiona nyumba ya bibi kizee mmoja ambayo ukuta wake ulikuwa umeinama, nao walitaka kumkandikia upya. Waliniomba miti na misumari tu. Nikawauliza, "Bibi huyo ni wa jumuiya gani?" Wakajibu, "Baba, yeye si Mkristo." Nikawaambia wangoje kikao cha halmashauri. Kikao kilifanyika Agosti, vijana wamekwisha kurudi mashuleni. Mvua za vuli zilipokuja, ukuta ukaanguka usiku. Bibi aliokolewa na majirani, lakini mguu wake haukupona tena. Nilikwenda kumwomba radhi, naye akanipokea kwa maneno mema, jambo lililoniumiza zaidi. Vijana wale hawakurudi tena kuniomba kitu. Ni lile swali langu lililowarudisha nyuma, swali la mwanasheria, ambalo Bwana alikuwa amekwisha kulijibu.

Wapenzi wasikilizaji, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tuwaheshimu Wayahudi. Amri zile mbili ambazo mwanasheria alizitaja, kumpenda Mungu na kumpenda jirani, zimetoka katika Torati yao. Bwana wetu na Mama yake ni wa taifa hilo. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulilaani chuki yoyote dhidi yao.

Pili, tuwaambie vijana kwamba huduma ni deni. Akitumwa kama mfadhili, kijana atarudi na majivuno. Akitumwa kama mdaiwa, atarudi na jirani.

Tatu, tuwatume. Wazazi, najua mnaogopa. Wazazi wa Andrew nao walimruhusu mwana wao wakijua kuna hatari. Hatuwaombi vijana wetu wafe. Twawaomba wakandike ukuta, wachote maji, wamsindikize mgonjwa. Ninyi makatekista, kila anayejiandaa kupokea Kipaimara apewe pia kazi moja ya kumhudumia mtu, na asiulizwe mtu huyo anasali wapi. Udongo uwahi ungali maji. Likizo ni fupi, na mvua haingojei kikao.

Yule mwanasheria alitaka kujua mpaka wa wajibu wake unaishia wapi. Bwana Yesu alimwonyesha mtu aliyeanguka njiani, kisha akamtuma aende. Sisi nasi twende, na vijana wetu watangulie.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.