Kivuli cha Watoto Wetu
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twataka kusema machache juu ya jambo ambalo katika hesabu zetu limekaa mwisho wa orodha, nalo ni malezi ya watoto wadogo huko kwetu Samburu.

Wazee mwajua kwamba tangu zamani, mama akienda kuchota maji, mtoto aliachwa chini ya mti pamoja na nyanya. Katika miaka ya 1990 desturi hiyo ilitengenezwa upya, ikaitwa loipi, maana yake kivuli. Wenyeji huzungushia ua mahali penye kivuli. Akina mama hupika uji kwa zamu. Nyanya hufundisha hadithi, nyimbo na vitendawili. Na watoto huchezea vitu vilivyochongwa au kufinyangwa pale pale. Hapo ndipo wauguzi huwakuta wote pamoja, wakawapima uzito na kuwachanja.

Huenda mtu akauliza, je, chekechea haitoshi? Ni kweli kwamba Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya elimu ya watoto wasiofika darasa la kwanza. Lakini darasa la mawe hukaa mahali pamoja, na ng'ombe hufuata majani. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kwenda maili tano wakati wa kiangazi. Bali ua wa miti waweza kujengwa tena kila manyatta inapohamia.

Twakiri kosa letu. Mwaka jana tuliazimia kutoa fedha za unga wa uji, kisha tukazitumia zote katika karamu ya wageni. Wageni walishiba. Nyanya waliokuwa wakingojea magunia waliufunga ua kwa miiba, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyetushtaki, lakini sisi tulioliandika azimio lile kwa mkono wetu twaona haya.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukate shauri leo: fedha za unga ziwekwe peke yake, mtunza hazina asizitoe kwa kazi nyingine, na wazee wawili wa kila manyatta wapokee unga na kutuletea habari. Sisi tulioshika kalamu tulifunzwa kwanza na nyanya, kabla ya kumwona mwalimu yeyote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tumesema. Wazee wetu, shauri ni lenu.